Kichezeo Kinachomfaa Mtoto: Kuanzia Kuzaliwa hadi Miaka 12

Kichezeo ni kitu chochote ambacho mtoto hukishika, hukisukuma, hukirusha au hukibatiza jina ili apate kucheza nacho. Kwa maana hiyo kifuu cha nazi kilichojazwa mchanga ni kichezeo sawa na gari la plastiki lenye taa, na mara nyingi kifuu ndicho kinachokaa mkononi muda mrefu zaidi. Huko Tanzania wauzaji wengi siku hizi huita kila kichezeo "mdoli", hata kikiwa gari au ngoma, ilhali mdoli hasa, au mwanasesere, ni kile chenye umbo la mtu au mnyama. Kukusanya vitu vyote chini ya jina moja huficha jambo ambalo mnunuzi anapaswa kuliona mapema: kila kichezeo kina kazi yake, na kazi hiyo ina wakati wake katika makuzi ya mtoto.

Njia nyepesi ya kukipima kichezeo ni kutazama nani anafanya kazi. Sanamu inayoimba, kukata viuno na kuwaka taa baada ya kubonyezwa kitufe kimoja imeshafanya kila kitu yenyewe. Mtoto amebaki mtazamaji, na baada ya siku tatu atakuwa ameizoea na kuitupa uvunguni. Mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba hausogei mpaka mtoto aupige. Kichezeo kinachofaa humwachia mtoto kazi, na kazi hiyo huwa juu kidogo tu ya kile anachokiweza tayari. Ikiwa chini mno, humchosha. Ikiwa juu mno, atakirusha au kukivunja, kisha watu wazima waseme mtoto huyu ni mharibifu.

Kusoma hatua aliyofikia mtoto

Umri husaidia kukisia, lakini hautoshi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kuwa mtoto huanza kukaa bila kushikiliwa wakati wowote kati ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea mwenyewe kati ya miezi 8.2 na 17.6. Watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kupishana kwa miezi mingi, na wote wakawa wazima kabisa. Wanapotimiza mwaka, mmoja anahitaji kigari cha kukokota kwa kamba, na mwenzake bado anafurahia vikombe vya kupanganisha akiwa amekaa mkekani.

Kwa hiyo anayetaka kuchagua vizuri humtazama kwanza mtoto mwenyewe wiki hiyo anafanya nini. Anadondosha vijiko makusudi na kuchungulia vilipoangukia? Anafunua kila sufuria iliyofunikwa? Anaigiza bibi anavyopepeta mchele? Jambo ambalo mtoto hulirudia bila kuchoka, hata likawaudhi wakubwa, ndilo somo analojifundisha kwa wakati huo, na kichezeo kizuri ni kile kinachomwongezea somo hilohilo.

Umri unaoandikwa kwenye boksi ni habari nyingine. Vichezeo vingi vinavyoingia kutoka nje huwa na alama ya duara jekundu lenye uso wa mtoto na tarakimu 0–3, iliyokatwa kwa mstari. Alama hiyo haisemi kwamba mtoto wa miaka miwili hataelewa namna ya kukitumia kichezeo. Inasema kina kipande kinachoweza kumkaba. Mzazi anayejibu kwamba mwanawe ni mwerevu na ataweza, ameisoma vibaya. Alama inazungumzia koo, haizungumzii akili.

Miezi sita ya kwanza

Mtoto mchanga huona vizuri zaidi vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani pale ulipo uso wa anayemnyonyesha. Uso huo, unaosogea, kutabasamu na kutoa sauti, ndio kichezeo chake cha kwanza, na hakuna duka linalouza kinachouzidi. Baada ya uso hupenda michoro yenye tofauti kali ya giza na mwanga. Vitu vya rangi hafifu za waridi na samawati, ambavyo hupendwa sana kama zawadi za uzazi, humfurahisha mleta zawadi kuliko mtoto. Kanga yenye pindo jeusi na mji mweupe, ikitandazwa mahali anapoweza kuitazama, humfaa zaidi. Masikio yake yalianza kazi tangu tumboni, hivyo sauti ya kayamba dogo likitikiswa polepole upande mmoja kisha mwingine humfanya atafute inakotoka.

Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 yanataka mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho kwa jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa katika vipindi vifupi, huku mtu mzima akiwa karibu. Wengi hulia wakilazwa hivyo. Kitu chochote cha kuvutia kikiwekwa mbele ya macho yake mkekani, kama kitambaa chenye mistari au kioo kisichovunjika, huongeza dakika chache za uvumilivu na shingo hupata nguvu.

Karibu na mwezi wa nne mikono huanza kutii. Mtoto hushika anachokitaka, na kila akishikacho hukipeleka kinywani. Huo si uchafu wala tamaa. Midomo na ulimi wake bado vinapima umbo na ugumu wa vitu vizuri kuliko vidole. Vichezeo vya wakati huu basi vichaguliwe kama vyombo vya kulia: viwe vya kipande kimoja, visivyo na rangi inayobanduka, visivyo na manyoya yanayong'oka, na viweze kuoshwa kwa maji na sabuni. Pete kubwa ya mpira mgumu, mwiko mdogo uliopigwa msasa ukawa laini, au kitambaa safi kilichofungwa fundo katikati vinatosha. Manyanga ya kutengeneza nyumbani kwa chupa ya plastiki na choroko ni mazuri, ila kifuniko kisipobandikwa kwa gundi madhubuti hufunguka, na punje za choroko, kunde au karanga ni miongoni mwa vitu vinavyopalia watoto wadogo. Vitu vilivyoning'inizwa juu ya kitanda huondolewa pindi mtoto anapoanza kujiinua kwa mikono na magoti.

Kuelekea kutimiza mwaka

Mtoto aliyekwisha kukaa mwenyewe huwa na mikono miwili iliyo huru, na dunia yake hubadilika. Hugonga, hubadilisha kitu mkono hadi mkono, na hudondosha. Katika miezi hii hutokea jambo ambalo mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alilieleza kwa kina: mtoto hutambua kwamba kitu kilichofichwa bado kipo. Kabla ya hapo, kijiko kikifunikwa kwa leso huwa kama kimetoweka duniani. Kuanzia karibu na mwezi wa nane mtoto hufunua leso na kukitafuta. Ndiyo sababu mchezo wa kujifunika uso kwa kanga na kujifunua ghafla humchekesha mtoto wa umri huo kuliko mwingine wowote. Kapu lenye vitu vya nyumbani visivyo na ncha, kama vikombe vya plastiki, kifuniko cha sufuria, kipande cha kitenge na kijiko cha mbao, humshughulisha kuliko kichezeo kimoja cha gharama, kwa kuwa kila kitu ndani yake kina uzito, baridi na mlio wake.

Karibu na mwezi wa tisa au wa kumi kidole gumba na cha shahada huanza kukutana, na mtoto huweza kuokota punje ya mchele sakafuni. Ni hatua ya kushangilia, na ndipo hatari ya vitu vidogo inapoingia nyumbani. Gololi za kaka yake, shanga zilizokatika na vizibo vya soda havina budi kupandishwa juu siku hiyohiyo.

Kigari chenye magurudumu ambacho mtoto hukalishwa katikati akasukuma kwa miguu kinahitaji onyo la pekee, kwani bado huuzwa kwa wingi na hununuliwa kwa nia njema ya kuharakisha kutembea. Hakiharakishi. Humpa mtoto mwendo asioweza kuumudu na kumfikisha kwenye ngazi au jiko la mkaa kabla mtu hajageuka. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Kigoda kizito kidogo anachoweza kukisukuma akiwa amesimama nyuma yake hufanya kazi iliyokusudiwa, na huegemea miguu ya mtoto mwenyewe.

Mwaka wa pili

Huu ndio mwaka ambao familia nyingi hununua sana na kukosea sana. Mtoto amesimama, anatembea, anaanza kusema, na kila mtu anataka kumletea kitu. Mwenyewe anataka mambo machache tu: kujaza na kumwaga, kusukuma na kuvuta, kupanganisha na kubomoa, kufungua na kufunga. Ndoo ndogo na mchanga, makopo yanayoingiana kwa ukubwa, boksi lenye tundu la kupitishia vitu, gari la kukokota: vinne hivi vinaweza kumtosha mpaka atimize miaka miwili.

Gari la kukokota hutengenezwa kwa chupa au dumu dogo la plastiki. Watoto wakubwa hupenda kutumia vizibo kuwa magurudumu, lakini kwa mdogo wa umri huu magurudumu yakatwe kwenye soli ya ndala iliyochakaa, yawe makubwa kuliko kinywa chake, na mhimili uwe kijiti kilichokatwa ncha. Kamba ya kuvutia iwe fupi. Viwango vya usalama vya Ulaya huweka ukomo wa sentimita 22 kwa kamba zinazoweza kufanya kitanzi shingoni mwa mtoto mdogo.

Kwamba vitu vya aina hii si mbadala wa kimaskini kulithibitishwa huko Jamaika. Kuanzia mwaka 1986 mjini Kingston, timu ya Sally Grantham-McGregor ilishughulika na watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Kwa miaka miwili baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa saa moja na wahudumu wa afya wa jamii, ambao waliwaonyesha akina mama namna ya kucheza na kuzungumza na watoto kwa vichezeo vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani. Vichezeo vya wiki vilibaki nyumbani, vikabadilishwa ziara iliyofuata. Miaka 20 baadaye, waliopata ziara hizo walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao waliodumaa ambao hawakuzipata kwa asilimia 25. Chupa na makopo hayakuleta matokeo hayo yenyewe. Yaliletwa na mazungumzo yaliyozunguka chupa na makopo.

Hapo ndipo vichezeo vya betri vinaposhindwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2015 ulirekodi wazazi 26 wakicheza na watoto wao wa miezi 10 hadi 16. Walipokuwa na vichezeo vinavyosema na kuimba, wazazi walitoa maneno machache kuliko walipokuwa na vitabu vya picha au vichezeo vya kawaida, na watoto nao walitoa sauti chache kuliko walipokuwa na vitabu. Sababu ni rahisi kuiona sebuleni kwa yeyote: kitu kinapopiga kelele, watu hunyamaza. Isitoshe, vingi vya vichezeo hivyo husema Kiingereza au Kichina, na mtoto hana wa kuzungumza naye kwa maneno hayo. Simu na televisheni zimo katika fungu hilohilo. Shirika la Afya Duniani halipendekezi skrini ya aina yoyote kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Miaka miwili hadi mitano

Mtoto wa miaka miwili hucheza karibu na wenzake kuliko pamoja nao. Mildred Parten, aliyechambua mchezo wa watoto wa shule ya awali mwaka 1932, aliuita mchezo sambamba. Anayewanunulia pacha au ndugu waliofuatana kitu kimoja kizuri "cha kushirikiana" huwa amewanunulia ugomvi. Vitu viwili vya hali ya chini vinavyofanana vina amani zaidi.

Kisha huja kuigiza. Kijiti kinakuwa simu, jani linakuwa noti ya shilingi elfu kumi, matope yanakuwa maandazi. Uwezo wa kufanya kitu kimoja kisimame badala ya kingine ndio huohuo utakaotumika baadaye mtoto atakapokubali kwamba mkunjo fulani wa wino ni herufi. Vichezeo vya hatua hii vinapaswa kuwa na upungufu: mwanasesere wa kitambaa asiye na sura kamili anaweza kucheka asubuhi na kulia jioni, ila yule aliyechongewa tabasamu la kudumu hatalia kamwe. Kwa mchezo wa baba na mama, au wa kupikapika, vifuu, makopo, mafiga ya mawe na kipande cha kanga kuukuu vinatosha, na duka la kuigiza huhitaji maboksi matupu ya dawa ya meno na sabuni. Wavulana wapewe wanasesere na wasichana wapewe magari bila mjadala. Katika umri huu mtoto anacheza maisha anayoyaona, na zipo nyumba zenye baba anayembeba mtoto na mama anayeendesha pikipiki.

Kama kuna kitu kimoja kinachostahili kugharimiwa katika miaka hii, ni matofali ya mbao. Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule zake za chekechea kuanzia mwaka 1837, aliyafanya kuwa sehemu ya mafunzo, na karibu karne mbili baadaye hayajapata mshindani wa haki. Hufundisha uzito, mizani, nusu na robo bila mwalimu. Hayalazimu kutoka dukani. Seremala wa mtaani huwa na mabaki ya mbao. Akiyakata kwa vipimo vinavyolingana, mathalani urefu wa sentimita 5, 10 na 20 kwa unene uleule, kisha akayapiga msasa na kuyaacha bila rangi, vipande 40 hudumu mpaka mdogo wa mwisho wa familia. Vipimo vilingane kweli: mabaki yaliyokatwa ovyo hayasimami, na mtoto huyaacha.

Kwa vidole, kuna udongo wa kufinyangia, kalamu nene za nta, mkasi wenye ncha butu, na picha za kuunganisha zenye vipande vichache, karibu 4 kwa wa miaka miwili na nusu na 20 hivi kwa wa miaka minne. Mchezo wa maji hupendwa kuliko vyote, na beseni halipaswi kuachwa hata dakika moja, kwa sababu mtoto huweza kuzama katika maji yasiyofika kiwiko. Kwa miguu, mpira, kamba, kigari cha miguu mitatu na uwanja. Mapendekezo ya mwaka 2019 yaliyokwisha kutajwa yanampa mtoto wa umri wa miaka mitatu na minne dakika 180 za kujishughulisha kwa siku, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kutweta. Hakuna kichezeo cha sebuleni kinachoweza kuzijaza.

Umri wa shule

Kuanzia miaka sita hivi mtoto huanza kupenda sheria, na pia kuzibishia. Michezo yenye zamu, kushinda na kushindwa humfaa sasa. Ludo na karata ni za kuanzia. Drafti huchorwa kwenye kipande cha boksi, na vizibo vya soda vya rangi mbili vikawa askari. Bao la kete, lenye mashimo 32 na kete 64, ni kubwa kwa mtoto wa miaka saba, lakini bao la kujifunza lipo kwa ajili hiyo hasa, na kuzigawa kete shimo kwa shimo ni hesabu ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuilalamikia. Mdako, kamba, rede, gololi, au bano kama zinavyoitwa Kenya, hazigharimu kitu cha kutajwa. Katika mdako jiwe hurushwa juu, na kabla halijatua mkono huohuo uwe umekomba mengine shimoni na kurudisha yasiyotakiwa. Jicho, mkono na hesabu hufanya kazi kwa pamoja, kwa kasi ambayo watu wazima wengi hawaiwezi tena.

Umri huu pia ndio wa kutengeneza. Tiara ya karatasi na njiti za ukuti, gari la waya lenye usukani mrefu, pia ya mti: anayekiunda kichezeo hufaidi kuliko anayekipokea. Zawadi inayofaa basi huwa vifaa, kama koleo ndogo, waya, gundi, msasa na msumeno mdogo chini ya usimamizi. Kati ya miaka 9 na 12 huongezeka sataranji, kioo cha kukuzia, sindano na nyuzi, balbu ndogo na betri kavu za kuunganisha nyaya. Wakati huo mtoto huchagua mwenyewe, na kazi ya mzazi hubaki kuuliza bei na usalama.

Hatari za kukaguliwa

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kipimo kinachotumika Marekani ni mcheduara wenye upana wa sentimita 3.17: kipande kinachoingia chote ndani yake hakifai kuwa kichezeo chake. Nyumbani kiini cha karatasi ya chooni hutumika badala yake, nacho kwa kuwa ni kipana kidogo huongeza tahadhari. Puto huhitaji uangalifu hata kwa wakubwa zaidi, hadi miaka minane: lililopasuka au ambalo halijapulizwa likivutwa kooni hujibandika na kuziba hewa.

Hatari mbili mpya zimezidi za zamani kwa ukali. Betri bapa mfano wa sarafu, zinazowekwa katika vichezeo vinavyolia, kadi za salamu na rimoti, zikimezwa na kukwama kooni huunguza nyama ndani ya saa mbili. Mtoto anayeshukiwa kuimeza hupelekwa hospitali mara moja bila kusubiri dalili wala kutapishwa. Kichezeo chenye betri hiyo kisinunuliwe kama mlango wake haufungwi kwa skrubu. Ya pili ni sumaku ndogo zenye nguvu: mbili zikimezwa kwa nyakati tofauti hutafutana ndani ya tumbo, zikabana kuta za utumbo na kuzitoboa.

Sokoni, hasa kuelekea Idi na Krismasi ambapo meza za vichezeo hujaa barabarani, ukaguzi wa dakika mbili unatosha. Kichezeo hunuswa, harufu kali ya kemikali ni sababu ya kukirudisha. Rangi hukwaruzwa kwa ukucha, kwa kuwa baadhi ya rangi zina risasi, madini yanayodhuru ubongo unaokua hata kwa kiasi kidogo. Macho na vitufe vya mwanasesere huvutwa kwa nguvu, na mishono hupanuliwa kuona kama pamba inatoka. Bastola za risasi za plastiki huachwa mezani. Zimeumiza macho ya kutosha. Alama ya ubora ya shirika la viwango, yaani TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, huongeza imani, japo haiondoi haja ya kutazama. Vichezeo vya mitumba mara nyingi ni imara kuliko vipya vya bei nafuu, lakini hufika bila maboksi, bila alama ya umri, na pengine bila kipande kilichokuwa kikifunika betri.

Wingi, na watoto wenye ulemavu

Vichezeo vingi si utajiri. Katika jaribio lililofanyika Toledo, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2018, watoto 36 wa miezi 18 hadi 30 waliwekwa mara moja na vichezeo 4 na mara nyingine na 16. Walipokuwa na vinne walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na kukichezea kwa namna nyingi zaidi. Nyumba yenye vingi inaweza kuvigawa katika mafungu matatu, moja likawa nje na mawili kabatini, na kubadilishana kila baada ya wiki mbili. Vya kabatini vikirudi hupokelewa kama vipya.

Kwa mtoto anayechelewa kukua au mwenye ulemavu, kichezeo huchaguliwa kwa kile anachokiweza, umri ukifuata nyuma. Asiyeona hufuata mpira uliofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, kwa kuwa huchakarisha unapobingirika, au wenye njuga ndani. Asiyesikia hufurahia ngoma anayoweza kuiwekea kiganja akahisi mtetemo. Mwenye mtindio wa ubongo ambaye vidole vyake havikazi hushika kalamu au kijiko kilichozungushiwa mpira wa tairi la baiskeli ukawa mnene, na sinia lenye ukingo huzuia vitu visimkimbie. Kukataa kumpa vichezeo kwa hofu kwamba atashindwa ni kosa kubwa kuliko kumpa kisichomfaa.

Vya plastiki na mpira huoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani, vya kitambaa hufuliwa, vya mbao hupanguswa bila kulowekwa. Kilichopasuka kikawa na ncha hakirekebishwi kwa selotepu; hutupwa. Kabla ya kutupwa, betri zake hutolewa kwanza, kwa sababu jaa la mtaani nalo lina watoto wanaolichezea.